Taa Iliyokuwa Inawaka Mgeta Tu

Vijana wenzangu wa gereji, mlinifanyia sherehe nzuri ya kuniaga. Pilau ilikuwa ya kushiba, saa ya ukutani mliyonipa inakwenda sawasawa, na hotuba zilikuwa fupi kuliko nilivyoogopa. Kisha mkaniharibia starehe kwa kuniomba niandike. Mlisema habari ninazowasimulia wakati wa chai zisije zikapotea. Haya. Nimekaa barazani kwangu Kihonda, miwani usoni, mikono safi kwa mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima, na naandika. Vyeo sitavitaja. Katika gereji yetu cheo kikubwa kilikuwa kushika ufunguo wa stoo, na aliyekishika alilaumiwa kila spana ilipopotea.

Nilifika pale Mji Mpya nikitoka chuo cha ufundi, nimesomea umeme wa magari. Nilivaa sketi, ovaroli nimeikunja ndani ya mfuko, kwa sababu sikutaka kuulizwa maswali njia nzima. Mlinzi wa getini aliponiona akanielekeza benchi wanalokaa wake za mafundi wakija kufuata hela ya matumizi. Nikamwambia mimi ndiye fundi rewaya mpya. Akacheka kwa adabu, akafungua geti. Mpaka anaacha kazi alikuwa akinisimulia kichekesho kile kila mwaka, kana kwamba mimi sikuwepo siku hiyo.

Ndani nilipokewa na fundi mkuu, Mzee Kobelo. Alikuwa Mluguru wa Mgeta, mfupi, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake, na kofia ya kiua ambayo hakuivua hata akiwa chini ya lori. Nikamwamkia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa umeme?"

"Ndiyo, Mzee."

"Umeme hauonekani. Moshi unaonekana. Utaanza na moshi."

Akatoa mfukoni kipande cha kitambaa cheupe, akanipa. Nilidhani ananipa nijifute jasho, nikajifuta. Akatoa kingine, akaniongoza hadi nyuma ya gari lililokuwa linanguruma, akakiweka mbele ya bomba la ekzosi kwa muda, akanionyesha. Kilikuwa cheusi katikati, kikavu. "Petroli imezidi," akasema. Tukahamia gari jingine. Kitambaa kikatoka na madoa yenye mafuta. "Huyu anakula oili." Gari la tatu lilikuwa linatoa moshi mweupe wenye harufu tamu, na kitambaa kikalowa. "Huyu anakunywa maji yake mwenyewe, gasketi imekwenda." Vitambaa vile vilikuwa kanzu zake zilizochakaa. Mkewe alizikata vipande na kumwekea mfukoni kila asubuhi. Katika maisha yangu nimeshika mashine za kila aina, lakini kifaa cha kwanza kilikuwa kanzu ya Mzee Kobelo, na bado nakiheshimu kuliko vingine.

Magari ya wakati ule yalikuwa ya kabureta. Kwenye dashibodi kulikuwa na taa ya oili na taa ya chaji, basi, na mara nyingi hizo nazo zilikuwa zimeungua. Gari likiumwa, lilikwambia lenyewe kwa kukohoa. Ndipo yakaanza kuja magari ya mtumba yenye kompyuta, na ile taa ya njano yenye umbo la injini. Sisi tunaiona injini kwa sababu tumefundishwa. Wateja wetu waliona vitu vingine. Mwalimu mmoja, mtu msomi na mpole, alikuja kuniambia, "Fundi, kuna picha ya bomba la maji inawaka. Nimeongeza maji kila mahali panapoingia maji, lakini haizimi." Nikaangalia tena ile picha, na kweli, ukiitazama bila kujua, ni bomba la maji. Tangu siku hiyo sikumcheka mteja kwa jambo hilo.

Dereva wa teksi wa Mikese yeye hakuhangaika na tafsiri. Alikuja gari halina nguvu hata ya kupita tuta. Nikamuuliza kama taa ya injini imewahi kuwaka.

"Haijawahi kuwaka tangu nibandike," akasema.

Juu ya taa alikuwa amebandika stika ya timu yake ya mpira. Nikaibandua, na chini yake taa ilikuwa inawaka kwa utulivu kabisa, bila kinyongo. Plagi mbili zilikuwa zimekufa. Nilimbadilishia plagi, nikamrudishia stika yake, nikamwambia aiweke kwenye kioo cha nyuma.

Na Dakawa, nyinyi mnajua Dakawa. Kila msimu wa mavuno ya mpunga yalikuwa yanakuja magari yenye moshi mweusi, na kila msimu kulikuwa na fundi mmoja anayeanza kufungua injini. Mimi nilijifunza kufungua kwanza chujio la hewa. Panya wa Dakawa anapenda kuzalia mahali pakavu, penye joto, penye karatasi laini, na chujio la hewa kwake ni hoteli. Nilikuta viota vya pumba, nilikuta mpunga wa kutosha futari, na mara moja nilikuta familia nzima. Injini haikuwa na ubaya wowote, ilikosa hewa tu. Mnapoona moshi mweusi, ulizeni kwanza gari linalala wapi.

Baadaye tajiri wetu akanunua mashine ya kusomea makosa ya kompyuta za magari. Ilikuja na maelezo ya Kichina, na kwa muda tulikuwa tunabonyeza kwa kubahatisha. Tulipofanikiwa kuihamishia kwenye Kiingereza, vijana wa wakati ule wakaipenda kupita kiasi. Mashine ikitaja sensa, kile kidude kinachoipimia kompyuta, sensa inabadilishwa. Taa ikiwaka tena, sensa inabadilishwa tena. Nilikuwa nawaambia kwamba mashine inakujulisha mtoto analia, haikuambii kama ana njaa au amekalia sindano. Walinijibu "sawa, mama" kwa sauti ileile mnayoitumia nyinyi.

Sasa nifike kwenye pikapu ya Semeni, maana najua ndiyo mnayoisubiri.

Semeni ni mpwa wa Mzee Kobelo, mtoto wa dada yake. Kwa Waluguru hilo si jambo dogo. Mjomba ndiye anayesimama panapotakiwa mtu wa kusimama, na Mzee Kobelo alikuwa amesimama kwa Semeni tangu akiwa mtoto. Semeni alikuwa anaishi juu Mgeta, na alikuwa na pikapu ya petroli, ya zamani kidogo lakini yenye kompyuta, iliyobeba kabichi na karoti zake na za wanawake wenzake hadi sokoni mjini. Kabla ya pikapu hiyo walikuwa wanategemea malori ya watu, na lori la mtu linakuja linapotaka. Kabichi nyingi za Mgeta zimeozea kando ya njia zikisubiri lori.

Asubuhi moja ya Jumatatu Semeni akaja gereji, akakaa kwenye lile benchi la wake za mafundi, asiseme neno. Nikamfuata.

"Mbona hivyo, mdogo wangu?"

"Da Tatu, naiuza gari."

Akanieleza. Kwa muda mrefu taa ya injini ilikuwa inawaka akiwa Mgeta. Akishuka na kukaa mjini, inazimika yenyewe. Akipanda, inawaka. Moshi mweusi, petroli inakwisha kabla safari haijaisha, na mlimani gari linachoka. Mjomba wake alishabadilisha plagi, alishabadilisha sensa ya oksijeni, na taa ikawa ileile. Kwa aibu ya kumsumbua mzee, akaenda kwa fundi mmoja wa kando ya barabara kuu. Huyo akasikiliza injini kwa muda wa kutafuna karanga, akamwambia imekufa, atafute injini nyingine au auze gari kama lilivyo. Akamletea na mnunuzi kutoka Dar. Walishakubaliana. Mnunuzi atakuja kulichukua Ijumaa baada ya swala, palepale gereji kwetu, kwa sababu Semeni hakutaka kuliuza bila mjomba wake kuwepo.

"Mjomba anajua?"

"Nimemwambia sasa hivi. Amekwenda nyuma ya stoo. Sijui anafanya nini huko."

Nilijua anafanya nini. Alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu anatazama ukuta. Nilimwona hivyo mara chache sana, na siku hiyo roho iliniuma.

Nikaomba ufunguo, nikachomeka mashine. Ilisema kile ilichokuwa inasema siku zote: mchanganyiko una petroli nyingi kupita kiasi. Vijana walikuwa wameishia hapo. Mimi nikaacha sehemu ya makosa, nikafungua sehemu ya vipimo, ile inayoonyesha gari linavyojisikia likiwa linanguruma. Nikaangalia joto la maji. Injini ilikuwa imeendeshwa kutoka Mgeta hadi Mji Mpya, na joto lake lilikuwa la gari lililowashwa muda mfupi uliopita.

Nikainua macho, nikatazama juu ya meza ya kazi ya Mzee Kobelo, nikaelewa. Na nilipoelewa, nilitamani nisingeelewa.

Juu ya meza ile kulikuwa na waya, na kwenye waya zilitungwa themostati, nyingi, kama mtungo wa samaki. Nyinyi mmezikuta themostati zikiheshimiwa, kwa hiyo niwaeleze. Kidude hiki cha shaba chenye springi kinakaa pale maji yanapotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta. Injini ikiwa baridi, kinafunga njia ili maji yabaki ndani yapate moto. Ikishapata moto, kinafungua. Gari likichemka, fundi wa kwetu jambo la kwanza alilofanya ni kukiondoa na kukitupa. Maneno yalikuwa yaleyale kila gereji kuanzia Dar mpaka Dodoma: hiki kimewekwa kwa ajili ya nchi za theluji, sisi nchi yetu ya joto. Mzee Kobelo hakuzitupa. Alizitunga kwenye waya, kwa sababu kila moja ilikuwa ni gari alilolikomesha kuchemka, na wateja walipenda kuziona. Sisi sote tulijifunza kwake, na sisi sote tulikuwa tunazing'oa.

Pikapu ya Semeni iliwahi kuchemka mlimani, imejaa kabichi. Mzee akang'oa themostati. Haikuchemka tena, na Semeni alimletea jogoo. Lakini tangu hapo maji yalikuwa yanazunguka moja kwa moja kwenye rejeta, na injini haikupata joto lake. Kompyuta, ambayo haijui habari za nchi ya joto, ilidhani kila saa ni alfajiri na injini ndiyo kwanza imeamka, ikawa inaiongezea petroli. Mjini, kwenye foleni na jua la Msamvu, injini ilipata joto la kubahatisha na taa ikazimika. Mgeta, kwenye ukungu, ikawaka.

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Kauli ya Mzee Kobelo pale gereji haikupingwa kabla ya chai wala baada ya chai. Na huyu alikuwa mtu aliyenipa kitambaa siku ya kwanza, wakati wengine walinionyesha benchi. Ningemwambiaje, mbele ya mpwa wake na vijana wote, kwamba gari linauzwa kwa sababu ya kitu alichokitunga mwenyewe kwenye waya? Nisiposema, gari linakwenda Dar na Semeni anarudi kusubiri malori. Nilishika chai yangu mpaka ikapoa mkononi. Nilimwogopa Mzee, na nilimwonea huruma, vyote kwa pamoja.

Nikamfuata nyuma ya stoo.

"Mzee, keshokutwa Semeni anapanda. Twende naye. Nataka nilione gari likiwa kulekule linakoumwa."

"Nimeshaliona."

"Na dada yako hujamsalimia tangu Idi."

Akanitazama sana. "Utakuja na hiyo mashine yako?"

"Nitakuja nayo."

"Haya. Lakini mimi nakwenda kumsalimia dada yangu."

Jumatano asubuhi tukapanda. Semeni kwenye usukani, Mzee dirishani, mimi katikati nimebanwa na koti lake. Alikuwa amevaa koti la sufu, zito, la rangi ya ugoro, ambalo mjini lilitutoa jasho sisi sote watatu. "Mnacheka," alisema, "mtaniomba huko juu." Tulipoacha lami na kuanza kona, nikachomeka mashine chini ya dashibodi, nikampa yeye.

"Nishikie, Mzee. Unisomee joto la maji, mimi mtikisiko unanisumbua macho."

Macho yangu yalikuwa mazima.

Mwanzoni alisoma kwa kunihurumia. "Imepanda kidogo." Kona, kona, migomba, watu wamebeba matenga ya karoti wanapisha njia. "Imepanda." Tukafika kwenye mteremko mfupi. "Imeshuka." Tukapanda tena. Ukungu ukaanza kuingia dirishani, Semeni akapandisha kioo. "Imeshuka tena. Mbona inashuka na sisi tunapanda?" Mzee akaisogeza mashine karibu na uso. Sasa alikuwa anasoma bila kuulizwa. Karibu na Nyandira ile taa ya njano ikawaka, Semeni akasema, "Hiyo hapo, mjomba," kwa sauti ya mtu anayemwonyesha mgeni jirani mkorofi.

Tukasimama juu, kando ya mashamba ya kabichi. Baridi ilikuwa ya kweli, watu wamejifunika vitenge mpaka masikioni. Mzee akashuka, akafunga vifungo vya koti, akafungua boneti huku injini inanguruma. Akashika bomba la chini la rejeta. Akashika la juu. Akaushika hata mfuniko wa injini na kiganja kizima, mahali ambapo kwa kawaida ungeacha ngozi. Akakaa hivyo, mkono juu ya injini, muda mrefu.

"Semeni," akasema bila kugeuka, "hapa kwenu kuna joto?"

"Joto gani, mjomba, na wewe mwenyewe umevaa koti."

"Ndiyo," akasema. "Mimi nimevaa koti. Injini yako nimeivua."

Kisha akanigeukia mimi.

"Tatu, wewe ulijua."

"Nilihisi, Mzee."

"Kwa nini hukuniambia kule chini?"

"Kule chini kuna joto, Mzee. Usingeniamini."

Nilidhani atakasirika. Akaanza kucheka, polepole, kicheko cha tumboni, mpaka koti lote likawa linatikisika, na dada yake akatoka ndani kuuliza kuna nini. Mzaliwa wa Mgeta, aliyelala utotoni kando ya moto kwa sababu ya baridi, alikuwa amewaambia watu maisha yake yote kwamba nchi yetu ni ya joto. Alimweleza dada yake hivyohivyo, bila kujificha, na dada yake akamcheka kuliko sisi. Nilifurahi siku ile mpaka nikasahau kwamba nimeganda vidole.

Kazi ilikuwa bado. Semeni akauliza swali la maana: ukirudisha hicho kidude, si litachemka tena kama zamani? Alhamisi, tumesharudi gereji, tukalala chini ya rejeta, tukaona kilichokuwa kinalichemsha tangu mwanzo. Lilikuwa limezibwa na tope la njiani na majani makavu ya kabichi, yameshindiliwa pamoja kama tofali. Mzee alilisafisha mwenyewe kwa maji na brashi, hakukubali kusaidiwa. Masega ya ekzosi, yale yanayochuja moshi, nayo yalikuwa yameanza kushika masizi. Kuna aliyependekeza tuyatoe tuyauze, kama inavyofanyika. Nikamwambia akiyagusa namng'oa yeye. Masizi yale yangeungua yenyewe injini ikipata joto lake.

Dukani hatukupata themostati ya aina ile, wenye maduka walikuwa hawaagizi kwa sababu hakuna fundi aliyenunua. Mzee akapandisha macho kwenye waya wake. Ile ya Semeni ilikuwepo, miongoni mwa zile za karibuni. Lakini themostati iliyokaa hewani huwezi kuiamini bila kuipima, na kuipima ni kuichemsha. Tukamwendea mama anayetuuzia chai getini.

"Mchemshe vyuma kwenye sufuria yangu ya chai?"

"Ni kidogo tu, mama."

"Na kesho mtakunywa chai ya humo, mkilalamika ina ladha ya gari?"

Akatupa sufuria ya kuoshea vikombe. Tukasimama kuizunguka, mafundi wazima, tunachungulia kama wapishi. Maji yakaanza kutoa povu dogo dogo, na kile kidude kikafunguka taratibu, kikabaki wazi. Tukakitoa, kikafunga. Mzee akakikausha kwa kitambaa cheupe, kisha akalivika gari yeye mwenyewe.

Kilichobaki kilikuwa kulijaribu na mzigo, kwenye mlima uleule lililochemkia. Ijumaa alfajiri Semeni akapanda kufuata kabichi. Mzee akasema anakwenda naye na swala ataisali kulekule. Mimi nikabaki.

Hiyo ndiyo siku ndefu kuliko zote nilizofanya kazi. Swala ikaisha. Mnunuzi wa Dar akaja, kijana mstaarabu, akaniamkia vizuri, akaketi kwenye benchi. Nikapiga simu ya Semeni, haipatikani. Kule mtandao unakuja na kuondoka kama unavyotaka. Nikatengeneza hiluksi ya mtu huku nasikiliza kila gari linalopita nje. Ikiwa wamechemka njiani na mzigo ule, basi injini imekufa kweli, na safari hii tumeiua sisi. Mnunuzi akatazama saa. "Mama, labda imekata roho njiani," akasema, bila ubaya. Nikamwambia asubiri kidogo. Nikamwagizia chai. Nikamwagizia nyingine.

Pikapu ikaingia ikiwa imejaa mpaka juu ya kichwa, kabichi, karoti, na matenga ya njegere yamefungwa kamba nyuma. Mshale wa joto ulikuwa katikati kabisa, umetulia, na ile taa ilikuwa imezima. Mzee akashuka, koti lipo mkononi. Hakumsalimia mtu. Akaenda nyuma, akatoa kitambaa, akakiweka mbele ya bomba la ekzosi injini ikiwa inanguruma, akakisubiria. Kisha akamletea mnunuzi akione. Kilikuwa na unyevu kidogo wa kawaida na rangi yake ileile ya kanzu.

Semeni akasimama mbele ya yule kijana, akaunganisha mikono. "Kaka yangu, nisamehe kwa usumbufu. Gari haiuzwi."

Kijana akakitazama kitambaa, akaitazama pikapu, akacheka. Aliondoka na kabichi za kumtosha ukoo mzima. Semeni alikaa kwenye lile benchi akalia kidogo, akajifuta na kanga, akaenda kuuza mzigo wake kabla soko halijafungwa.

Jumatatu wakati wa chai Mzee Kobelo akauteremsha ule waya mbele ya wote. Aliwaeleza kila kitu, pamoja na habari ya koti, na hakujipunguzia hata neno moja. Kisha akasema, "Kuanzia leo, atakayeng'oa themostati bila kuniambia gari limechemka kwa nini, nitampandisha Mgeta bila shati." Ndiyo maana katika gereji yetu, kabla hamjaamini taa wala mashine, mnauliza gari linakwenda wapi na linalala kwenye baridi kiasi gani. Mlidhani ni mazoea ya bibi.

Namalizia na sherehe yenu, kwa sababu kuna kitu ambacho hamkukiona, mlikuwa mnagombania minofu. Mzee Kobelo alikuja. Amezeeka sana sasa, anatembea na fimbo, anaishi juu kwa dada yake. Semeni alimleta na pikapu ileile. Baada ya kula, mkono mmoja kwenye fimbo, alijikongoja hadi uani ilikoegeshwa, akamwambia Semeni awashe. Nikamfuata taratibu. Akatoa kitambaa, akakishika mbele ya ekzosi, akakigeuza kwenye mwanga, upande huu na upande ule, cheupe kote. Kisha akajifuta nacho mafuta ya pilau mdomoni.

"Mzee," nikamwambia, "hicho si cha ekzosi?"

"Ni cha ekzosi," akasema, akaendelea kujifuta.